Bonde la Kutoitana

Aliyenifundisha kwamba kitunguu ni kifaa cha kupandia mlima ni Kiongozi. Siku hizo soko kuu la mboga na matunda la Muscat lilikuwa bado Mawaleh, na Ijumaa alfajiri alitukusanya pale, kila mmoja na begi lake tupu la mgongoni, akatujazia vitunguu, viazi na maboga mpaka mabega yakalalamika. Kisha tulikwenda Mutrah kupanda ile njia ya zamani ya mawe inayopita juu ya makorongo makavu, kabla jua halijapata nguvu. Alisema ukibeba jiwe utalitupa njiani, lakini kitunguu huna moyo wa kukitupa.

"Na ukifika nyumbani, mwanangu, mzigo wako ushakuwa mchuzi."

Alikuwa mstaafu wa ofisi ya maji, Mwomani wa familia iliyotoka Unguja, mrefu, mwembamba, mwenye magoti yaliyolia kila akiinama. Mimi ni Mkenya, mwalimu wa chekechea, na nilijiunga na kikundi chake kwa sababu daktari aliniambia nitembee. Sikujua kwamba kutembea kwenyewe kungenifikisha Nepal. Kila mwaka, mvua za kule zikishakatika na anga likatakata, Kiongozi aliwachukua wachache wetu kwenda kwenye bonde moja la mbali katika milima ya Himalaya. Hakuchagua wenye nguvu. Wenye nguvu, alisema, huwa wanashindana na mlima, na mlima haujui kwamba kuna mashindano. Alichagua wenye subira.

Jina lake silitaji, wala la bonde. Si kwa kuficha. Ni kwa sababu yeye mwenyewe alituzoesha hivyo. Tukishavuka daraja la mwisho la nyaya, lile linaloning'inia juu ya mto wa kijivu, ilikuwa marufuku kuitana majina mpaka siku ya kurudi. Kila mmoja aliitwa kwa kazi yake. Yeye Kiongozi, mimi Mwalimu, na mwenzetu wa Nakuru, aliyeendesha basi la shule yetu, akawa Dereva. Mwenye nyumba ya wageni iliyo juu kabisa ya bonde tulimwita Didi, neno la kwao la kumwitia dada mkubwa.

Dereva alidhani ni mchezo.

"Sasa mzee, mimi nikianguka kwa shimo, mtaniita nani? Toyota?"

"Wewe ukianguka hatukuiti," Kiongozi akajibu. "Tutasikia kishindo tu, tujue ndiyo wewe."

Tulicheka sote. Lakini niliona kwamba yeye alicheka kwa mdomo, na macho yake yalibaki yakiangalia ng'ambo ya daraja.

Lililonishangaza ni kwamba hakuwa mtu wa kuogopa mambo yasiyoonekana. Muscat hukosi mtu wa kukusimulia majini, hasa ya ule mji wa bara unaosifika kwayo, na Kiongozi aliwasikiliza wasimulizi hao kwa adabu, kisha akawamaliza. Mara moja jamaa alidai jini lilimpandia kwenye gari barabara ya Bawshar. Kiongozi akamuuliza ni gari gani. Jamaa akataja. "Yakhe, jini zima liache magari yote ya Bawshar lipande hilo lako? Hilo halikuwa jini, huyo alikuwa fundi gereji." Aliswali swala zake kwa wakati, hakuvaa hirizi, na hakuruhusu mtu aseme njia fulani ina mkosi. Alisema mkosi ni jina la pili la kutojiandaa.

Mtu huyohuyo ndiye aliyekataza majina.

Alikuwa na mengine ya kupingana namna hiyo. Aliichukia baridi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Nyumbani kwa binti yake kiyoyozi cha sebuleni kilizimwa kila alipoingia, hata mwezi wa saba, wageni wakitokwa jasho na yeye ameketi na skafu ya sufi shingoni. "Baridi nnaijua," alisema, kana kwamba anazungumzia mtu aliyewahi kumdhulumu. Na bado kila mwaka alijipeleka mwenyewe kwenye baridi ile. Vilevile alikuwa mkali wa maji, kwa sababu ya kazi yake ya zamani. Ukiacha bomba linadondoka alikutazama mpaka ukaona haya. Lakini kule bondeni, kabla ya kunywa chai, aliimwaga kidogo chini kila mara, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Na alikuwa ameanza kuwa mzito wa kusikia. Binti yake alimnunulia vile vifaa vidogo vya masikioni, akavivaa siku chache, akavirudisha kwenye kisanduku. Alisema vinamletea kelele za friji.

Nieleze jambo moja kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kupanda sana, kwa maana bila hilo hutaelewa ukali wake juu ya mwendo wetu. Kadiri unavyokwenda juu, hewa inakuwa nyepesi, na mwili unahitaji muda kuizoea. Ukienda haraka unaumwa kichwa, unatapika, unaanza kusema maneno yasiyounganika. Dawa kubwa ni moja: kushuka. Watu wengi wamekufa kwa kuona haya tu. Wamelipa safari, wamewaaga jamaa zao, sasa watarudije? Kiongozi alikuwa na sentensi ya haya hiyo: "Anayeshuka hajashindwa. Anayeshuka anarudi kula." Dereva, mwanamume mwenye kifua kama kabati, siku moja alikaa juu ya jiwe akalia kama mmoja wa watoto wangu, akisema tumwache hapo, aki ya Mungu, alale kidogo tu. Kiongozi alimvua begi, akalibeba yeye, akamshika mkono, akateremka naye mpaka kijiji cha chini. Njia nzima alimsimulia jinsi ya kupika pilau. Kesho yake Dereva alipanda tena taratibu, mzima, na hakuna aliyemcheka kwa sababu Kiongozi hakutoa nafasi ya kucheka.

Kwa hiyo usimdhanie kuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mtu wa kukushika mkono. Kilichotisha ni mahali alipotupeleka.

Sehemu ya chini ya bonde ni nzuri: misonobari, mashamba ya ngano nyekundu ya kienyeji, watoto mashavu yamepasuka kwa baridi. Ukipanda, miti inakwisha. Inabaki nyasi ya rangi ya ngozi ya simba, mawe, na mto unaousikia bila kuuona. Sauti kule hazina adabu. Baghala, wale waliozaliwa na punda na farasi, hubeba mizigo wakiwa na kengele shingoni. Unasikia kengele mbele yako, unasogea pembeni kuwapisha, unangoja, na hawatokei. Baadaye wanatoka nyuma. Mara nyingine hawatoki kabisa.

Juu ya hapo kuna ukuta mrefu wa mawe, kila jiwe limechongwa dua za wenyeji. Desturi yao ni kuupita ukiuacha mkono wa kulia, nasi tuliifuata, kwa sababu Kiongozi alisema mgeni haingii nyumba ya watu kwa dirisha. Upande wa kushoto ardhi inateremka kuelekea mtoni. Mchana ukisogea, wingu hupanda kutoka mtoni kama mvuke wa sufuria, likaufunika ukuta wote. Hapo Kiongozi alitutaka tunyamaze kabisa. Si majina tu. Tusikohoe tukiweza. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari siku zote, na pale alibaki nyuma zaidi.

Mwaka ninaoukumbuka, kichwa kiliniuma, nikapunguza mwendo. Dereva na wengine walitangulia wakamezwa na weupe. Nikawa peke yangu mbele ya Kiongozi. Nilishika ukuta kwa mkono wa kulia ili nisipotee, mawe yakiwa baridi na michoro yake ikipita chini ya vidole vyangu. Nilipogeuka kumwangalia, alikuwa amesimama. Midomo yake ilitembea chini ya skafu. Nikadhani anaomba dua, nikageuza uso kumstahi.

Ndipo nikasikia, kutoka upande wa mtoni, chini yangu, si mbali:

"Labeka!"

Sauti ya mwanamume kijana. Haikuwa ya uchungu wala ya kuomba msaada. Ilikuwa na haraka kidogo, haraka ya mtu aliyeitwa na mkubwa wake akiwa na kazi mkononi. Kisha mawe madogo yakaporomoka, kama yanavyofanya mtu anapopanda mteremko.

Nilimtazama Kiongozi. Hakugeuza hata shingo. Alikaza skafu, akanipungia mkono: twende.

Nilijiambia ni Dereva. Ndiyo akili inavyofanya, inashika kilicho karibu. Lakini tulimkuta Dereva mbali mbele, nyumbani kwa Didi, amevua viatu, anaota moto wa samadi kavu. Na mtu wa Nakuru ukimwita hasemi labeka. Anasema "eeh?"

Jioni hiyo, wakati wengine wakila wali na dengu chumba cha pili, Kiongozi alikaa nami karibu na jiko akanisimulia kwa nini hatuitani. Didi alikuwepo, akichochea moto. Hakujua Kiswahili hata neno moja.

Kwao Unguja, alisema, kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ni ya baba: mkubwa akiita, mtoto aitike papo hapo, labeka, aache alichonacho, aende. Kuchelewa kuitika ni utovu wa adabu. Ya pili ni ya mama: ukiwa nje na ukasikia unaitwa na humuoni anayekuita, usiitike. Ngoja uitwe tena, na tena. Mtu atarudia, kisichokuwa mtu hakirudii.

"Sheria mbili, nyumba moja," alisema. "Mtoto afuate ipi? Mimi nilikuwa mkubwa, nnafuata ya baba, kwa sababu ilinipa mtu wa kumtuma. Nilikuwa na mdogo wangu. Nikimwita akichelewa, nnampiga kofi. Basi akawa ndiye mwenye adabu kuliko wote mtaani. Unamaliza kuita, keshaitika, keshasimama mbele yako."

Wakiwa vijana, tayari wako Muscat, mpima ardhi mmoja Mnepali waliyefanya naye kazi aliwaalika kwao, bondeni humu. Walifika ukutani wingu likipanda. Kiongozi alikuwa mbele, akainama kufunga kamba ya kiatu. Nyuma yake akamsikia mdogo wake akisema, "Labeka!"

"Mimi sikumwita, Mwalimu. Na hakuna mwengine aliyemwita, wallahi. Nilisikia jibu tu. Wito sikuusikia."

Alipogeuka hakukuwa na mtu. Fimbo ya mdogo wake ilikuwa imeegemezwa ukutani, wima, vizuri, kama mgeni anavyoacha fimbo mlangoni anapoingia ndani. Watu wa bonde walimtafuta mpaka mtoni na ng'ambo ya mto. Hawakupata hata kofia.

Nilifungua mdomo nimwambie nilichosikia mchana ule. Didi, ambaye hakuwa ameelewa lolote, akaweka kiganja chake gotini mwangu, kizito, chenye majivu, na akatikisa kichwa mara moja. Kisha akarudi kwenye moto wake. Nikafunga mdomo. Na tuliporudi Muscat, Kiongozi hakuligusa tena jambo hilo, kana kwamba jiko lile ndilo lililosema, si yeye.

Tulitembea naye miaka mingine baada ya hapo. Nimemwona akifundisha wanawake wa Bawshar, waliozoea kuendesha gari hata kwenda nyumba ya pili, kupanda kilele cha Mutrah ambapo unaiona Bandari ya Sultan Qaboos yote na meli nyeupe za watalii zikiwa ndogo kama sabuni. Nimemsikia akimwambia mama mmoja aliyekata tamaa, "Pumzi yako hiyo si mbovu, ni ngeni tu. Ikaribishe." Kisha moyo wake ukaanza kuchoka, miguu ikavimba, na daktari akamwambia milima basi, hata ile midogo.

Mwaka huu binti yake alinipigia simu akiwa kazini, sauti ya chini.

"Mwalimu, Baba kakata tikiti ya Nepal. Kimyakimya, kwenye simu yake. Pasipoti kaiweka chini ya godoro. Daktari kasema akipanda kule harudi. Mie hanisikilizi, nimelia mpaka basi. Wewe anakusikiliza."

"Nimwambie nini?"

"Kitu kimoja tu. Atakuuliza kama ulisikia kitu kule. Anauliza kila mtu aliyewahi kwenda naye. Mwambie hukusikia. Akijua hakuna kitu, atatulia."

Nilikwenda baada ya Alasiri. Alikuwa sebuleni, kiyoyozi kimezimwa, skafu shingoni, miguu juu ya mto wa kochi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama midomo, na nikaona kwamba leo vile vifaa vilikuwa masikioni. Binti yake alituletea kahawa na halua, akabaki amesimama nyuma ya kiti chake.

"Umekuja kunizuia," alisema.

"Nimekuja kukuona, Kiongozi."

"Yote mamoja." Akanyanyua kikombe, akakirudisha. "Mwaka ule kichwa kilipokuuma, ulikuwa karibu yangu ukutani. Wengine wote walikuwa mbali. Nnakuuliza wewe. Ulisikia kitu?"

Binti yake alinitazama, akatikisa kichwa polepole. Nilimwelewa vizuri. Nikisema ndiyo, ninampandisha baba yake ndege kwa mkono wangu. Lakini nimekaa na watoto wadogo miaka mingi, na najua kwamba mtu akiuliza kwa namna ile, uongo hautamtuliza. Ataubeba tu, na kwenda atakwenda.

"Nilisikia," nikasema. "Mtu aliitika. Labeka."

"Mwalimu!" binti yake akasema.

"Mwache." Kiongozi hakulia, hakustuka. Alikunja vidole vyake juu ya fimbo yake ya kutembelea. "Sauti ya mzee?"

"Ya kijana."

"Alisema peke yake tu, au mimi nilikuwa nnafanya kitu?"

"Ulikuwa ukiomba dua. Midomo yako ilikuwa ikitembea."

"Sikuwa nnaomba dua." Friji ya jikoni iliguna, akakigusa kifaa cha sikioni. "Miaka ya mwanzo nilikuwa nnasikiliza tu. Nnafika pale nnanyamaza, nnatega sikio. Hakuna kitu. Nikasema labda anangoja aitwe. Nikaanza kumwita. Kwa jina lake, polepole. Ndiyo maana sikutaka pawe na jina jengine mule ndani, likachanganyika na lake. Lakini nilipoanza kumwita, masikio yangu yalikuwa yameshakwenda. Nnaita, sisikii, nnateremka. Mwaka wa pili nnaita tena."

"Na yeye akaitika," nikasema.

"Kila mara?"

"Sijui, Kiongozi. Mara ile niliyokuwepo, ndiyo. Na nilisikia mawe yakiporomoka. Kama mtu anapanda."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Si kwa furaha. Alifumba macho kama mtu aliyetonesha kidonda.

"Nilimfundisha mwenyewe," alisema. "Ukiitwa, acha ulichonacho, uje. Basi kila mwaka nnamnyanyua. Anaacha alipo, anapanda ule mteremko wote, anafika ukutani, na mimi sipo. Mimi niko kwa Didi nnakunywa chai."

Binti yake alipiga magoti kando ya kiti. "Baba, usende basi. Nakuomba."

"Siendi, mwanangu. Niende nikamwite tena? Chukua hiyo simu uifute tikiti. Pasipoti unajua ilipo. Kitanda unakitandika wewe kila siku, ulidhani sijui?"

Alicheka akilia, yule binti, akaichukua simu. Kiongozi akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinisogezea sahani ya halua kama mwenyeji wa kawaida, mtu asiye na safari.

"Nyinyi mtakwenda mwaka huu?"

"Tukijaliwa."

"Basi ile sheria yangu ya majina nimeiondoa. Semeni majina yenu, yasemeni kwa sauti. Dereva aimbe zile nyimbo zake za kwao, mbaya vilevile zilivyo. Wewe somesha, gombana, kohoa. Mkifika ukutani msipite kimya hata kidogo, Mwalimu. Kimya ndicho kinachotangulia wito wangu. Mkipita kimya, atadhani ni mimi."